Buti fupi mwaka mzima Dodoma: zipi zinastahili pesa yako

Ukikatiza mjini Dodoma mwezi Oktoba umevaa buti fupi, hukosi mtu wa kukuuliza kama umetoka Makete kwenye baridi. Wengi wameshika kwamba buti ni kiatu cha baridi na matope, na jua likishawaka mguu unataka sendozi au raba. Kwa mji huu sisi tunaona kinyume. Buti inayoishia kwenye kifundo cha mguu inalipa zaidi kiangazi kuliko masika, na iliyochaguliwa vizuri inavalika mwezi wowote. Inayowashinda watu ni ile yenye bitana ya manyoya, soli iliyoshikwa na gundi tupu na namba inayobana, kisha lawama wanazitupia buti zote.

Hali ya hewa ya hapa inajieleza. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari na ina msimu mmoja tu wa mvua: inaanza Desemba, mara nyingine mwishoni mwa Novemba, na ikifika katikati ya Aprili imeshakata. Kwa mwaka mzima zinanyesha milimita 500 hadi 600 hivi. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya mwaka mtu anakanyaga vumbi, si tope. Juni hadi Agosti alfajiri ina baridi ya nyuzi 13 au 14 na upepo unavuma kutwa. Oktoba na Novemba mchana unapita nyuzi 30 na lami inatoa joto hadi jioni. Kiatu cha mwaka mzima kinapimwa kwanza kwa vumbi na joto, ndipo kipimwe kwa maji.

Vumbi letu ni jekundu na laini kama unga. Raba ya kitambaa chenye matundu inalipitisha lote, ukivua soksi unakuta vidole vimekuwa vyekundu. Ngozi isiyo na tundu inalizuia. Halafu kuna mbigili. Ukiacha tu lami, iwe Nkuhungu, Makulu, Ihumwa au vile vijia vya kuzunguka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), unazikuta zimetapakaa. Tunda lake likikauka linapasuka vipande vyenye miiba ya pande zote, kwa hiyo kikianguka vyovyote vile kuna mwiba unaotazama juu. Kandambili zinatoboka, na raba za soli ya sponji nazo zinatoboka, ila kwa hizo mwiba unazama polepole na unausikia baada ya siku mbili ukiwa umeshafika kwenye nyama. Soli ya mpira mgumu yenye unene wa milimita 6 kwenda juu inauvunja mwiba papo hapo.

Anayepanda bodaboda kila siku ana sababu nyingine. Ekzosi ya pikipiki inaunguza upande wa ndani wa mguu, na ikigusa karibu na kifundo buti fupi imeshapafunika. Ngozi ya milimita 2 inakupa nafasi ya kuushtua mguu kabla haujaungua.

Kihistoria pia kiatu hiki si mtoto wa theluji. Desert Boot ya Clarks ilitoka mwaka 1950, baada ya Nathan Clark kuvutiwa na buti za swedi, ile ngozi yenye manyoya mafupi laini, walizokuwa wakivaa maofisa wa jeshi la Uingereza, zilizoshonwa sokoni Cairo kwa ajili ya jangwa. Blundstone, kampuni ya Tasmania iliyoanza mwaka 1870, imejulikana kwa buti ya lastiki wanayoivaa wakulima na wafugaji wa Australia, ambako jua na vumbi havihesabiki. Anayeivaa Dodoma hajakosea mahali.

Buti ya lastiki

Hii ndiyo wengi wanaiita chelsi, na kwa mtu wa mjini ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. Haina ulimi wala kamba, kwa hiyo mbele hakuna upenyo wa vumbi. Inavuliwa kwa sekunde, na katika mji ambao mtu anavua viatu msikitini, sebuleni kwa wenyeji na kwenye ofisi zenye zulia, hilo si jambo dogo. Inakaa vizuri chini ya suruali ya suti na chini ya jinzi, na chini ya gauni refu haionekani kuwa nzito.

Udhaifu wake ni lastiki yenyewe. Ndani ya kile kitambaa kuna nyuzi za mpira, na vumbi likichanganyika na jasho linazikausha na kuzikata moja moja. Ikishachoka, mdomo wa buti unapanuka, vumbi linaingia kwa juu na kisigino kinaanza kucheza. Kabla ya kununua, ivute lastiki kwa vidole viwili hadi mwisho wake kisha iachie. Inatakiwa irudi mara moja na kulala bapa. Ikirudi kwa kujivuta, au ikibaki na mawimbi, iache hapohapo. Itazame kwa karibu pia pale inapokutana na ngozi: ukiona vinyuzi vyeupe vifupi vimechungulia kama ndevu, mpira wa ndani umeshakatika. Kubadilisha lastiki kunawezekana, ila kunahitaji cherehani ya mkono mrefu inayofika ndani ya buti, na si kila fundi anayo.

Angalia na kile kitanzi cha nyuma. Watu wanaivuta buti kwa hicho kila asubuhi, kwa hiyo kiwe kimeingizwa kati ya tabaka mbili za ngozi na kushonwa, si kubandikwa juu.

Buti ya swedi ya tundu mbili au tatu

Kwa Oktoba na Novemba hakuna inayoishinda. Iliyo nzuri haina bitana kabisa. Ndani unagusa ngozi ileile, na ngozi hiyo inapumua. Ni nyepesi. Swedi ya kahawia au ya rangi ya udongo haikuaibishi kwa vumbi, ukifika unapiga brashi kavu mara nne tano na kazi imekwisha.

Kikwazo ni soli ya krepu, ile ya mpira mbichi wa rangi ya asali ambayo Desert Boot inajulikana kwayo. Ni laini kweli mguuni, lakini joto linailainisha zaidi. Inaokota mchanga, inaokota lami iliyoyeyuka, na baada ya wiki chache pembeni inakuwa nyeusi na haisafishiki. Chukua umbo lilelile lenye soli ya mpira mgumu. Masika buti hii haifai kupita kwenye madimbwi, tusidanganyane. Ikirukiwa na tope jekundu usilifute likiwa bichi, maana utalisukuma ndani ya manyoya ya swedi na litakaa humo daima. Liache likauke kabisa hadi lipasuke, likung'ute, kisha piga brashi kwa mwelekeo mmoja.

Buti ya kamba ya tundu sita hadi nane

Hapa ndipo ilipo Dr. Martens 1460, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya kwanza ilitoka tarehe 1 Aprili 1960, yaani 1.4.60. Ina tundu nane, uzi wa njano pembeni na soli ya plastiki ya PVC yenye mifuko ya hewa. Soli hiyo haimeng'enyuki kwa kukaa, jambo tutakalolirudia tukifika kwenye mitumba, kwa hiyo hata pea ya zamani inaweza kuwa na miaka mbele yake. Ngozi yake ni kavu na ngumu mwanzoni. Inauma juu ya kisigino na kwenye kifundo kwa wiki mbili tatu. Vaa soksi mbili, ivae saa moja au mbili kwa siku, na usiilowanishe ili ilainike. Ngozi iliyolainishwa kwa maji ikikauka inakuwa ngumu kuliko awali. Za kuiga ni nyingi. Kwenye ya kweli uzi wa njano umeshona kabisa ukingo wa ngozi na soli. Kwenye za kuiga mara nyingi ni mchoro uliochorwa kwenye plastiki, na ukichokonoa kwa ukucha huoni tundu la sindano.

Kwa buti yoyote ya kamba angalia ulimi. Ulioshonewa pembeni hadi karibu na tundu za juu unazuia vumbi, mchanga na mbegu za majani. Uliolegea unapitisha yote hayo, na kila jioni unakuta rundo la mchanga chini ya vidole. Tofauti hiyo haionekani dukani, lakini kiangazi ndiyo inayoamua kama utaivaa au utaitupa uvunguni.

Mtu wa shamba la zabibu Hombolo au Mpunguzi, msimamizi wa ujenzi kule Mtumba, na dereva wa bodaboda watanufaika na buti hii kuliko chelsi, kwa sababu kamba inashika kifundo. Anayevua viatu mara tano kwa siku atachoka nayo mapema.

Buti ya zipu yenye kisigino

Wanawake wengi wanaonunua buti fupi hapa mjini wananunua ya namna hii, na ndiyo inayokufa mapema kuliko zote. Haiuawi na kisigino. Vumbi linakaa katikati ya meno ya zipu, linasaga, na siku moja kishikizo kinapita bila kufunga. Kila Jumamosi piga meno yake kwa mswaki mkavu, juu hadi chini, kisha paka mshumaa mweupe pande zote mbili na uifunge na kuifungua mara kumi. Zipu ikianza kuachia, kosa si la meno, ni kishikizo kilichopanuka. Fundi anakiminya kidogo kwa koleo pande mbili za nyuma, na inarudi kufunga.

Zipu ikae upande wa ndani wa mguu, mbali na mateke ya ngazi za daladala. Kisigino kiwe kipana, cha sentimita 3 hadi 5. Chembamba kinazama kwenye mchanga na kunasa kati ya vitofali vya kandokando ya barabara, na kofia yake ya chini inang'oka.

Nyingi za hizi ni ngozi bandia. Joto kavu linaivunja pale mguu unapojikunja, inaanza kwa mistari, halafu inabanduka maganda na kitambaa cha chini kinaonekana. Hakuna kiwi kinachorudisha. Kuijua, tazama ukingo uliokatwa, kwa mfano sehemu ya ndani ya kitanzi au chini ya zipu: ngozi ina nyuzinyuzi za rangi moja toka juu hadi chini, ngozi bandia ina utando mwembamba uliokaa juu ya kitambaa. Ukiikunja kwa kidole, ngozi inaweka mikunjo midogo isiyolingana na kuirudisha. Bandia inaweka mkunjo mmoja ulionyooka.

Kuhusu mavazi, tunapenda gauni la kitenge lenye pindo linaloishia katikati ya shavu la mguu, au refu linalofunika mdomo wa buti. Pindo linaloishia sentimita mbili tatu tu juu ya buti linaufanya mguu uonekane umekatwa. Na baibui juu ya buti ya ngozi nyeusi bila vyuma vya kung'aa inapendeza bila mtu kujitahidi.

Za baridi na za kazi

Timberland ya njano, iliyotoka mwaka 1973, ilibuniwa isiingize maji: ngozi yake imetiwa dawa na mishono imezibwa. Kinachozuia maji kuingia kinabana pia jasho kutoka. Januari kwenye tope ni kiatu kizuri sana, lakini mchana wa Novemba mguu unapika humo ndani, na soksi inatoka imelowa kana kwamba umevuka korongo. Hukumu yetu: ya msimu mmoja, na usiinunue kama ndiyo buti yako ya pekee. Hivyohivyo zote zenye bitana ya manyoya au sponji nene, ambazo zinajaa kwenye marobota ya mitumba kwa sababu kule zinakotoka zimeshatumika majira ya baridi yao. Buti za usalama zenye chuma mbele zibaki kazini. Na tope la kuzama, la mbuga nyeusi, ni la gambuti. Hakuna buti fupi inayotakiwa huko.

Kununua mitumba bila kununua hasara

Kwa bei ya buti mpya ya ngozi bandia dukani unaweza kupata ya ngozi halisi iliyotumika, pale Sabasaba au kwenye soko la Machinga. Kwa hiyo mitumba tunaipendekeza bila kusita, kwa sharti moja: ukague soli kwa makini kuliko unavyokagua ngozi.

Adui ni soli ya PU, yaani ya plastiki ya poliyurethani. Ni nyepesi, inapendeza mguuni, lakini unyevu wa hewani unaivunja kidogo kidogo kwa miaka, hata kama kiatu kimekaa ndani ya boksi bila kuvaliwa. Ndiyo maana buti inayoonekana mpya kabisa inaweza kumeguka vipandevipande siku ya tatu katikati ya barabara. Si laana wala si fundi aliyeharibu. Tena iliyokaa bila kuvaliwa mara nyingi ni mbaya kuliko iliyovaliwa, kwa sababu kinachoionyesha ubovu ni kukunjwa.

Basi ikunje. Shika mbele na kisigino, ikunje hadi soli ipinde vizuri, na utazame pembeni mwa soli kwenye mwanga. Mistari myembamba inayofunguka kama udongo uliokauka ni dalili ya kwanza. Kandamiza kwa ukucha wa kidole gumba: mpira mzuri unarudi, PU iliyooza inabaki na alama au inatoa unga. Ikinata kama gamu, imekwisha. Mara nyingi chini ya soli au ndani ya ulimi kumeandikwa aina ya malighafi. PU kwenye kiatu kilichokaa miaka mingi ni ya kuogopa, mpira na PVC ni salama zaidi. Muuzaji akikataa buti isikunjwe, mrudishie kwa upole na uendelee na meza inayofuata.

Ukishamaliza soli, ingiza mkono hadi vidoleni. Tafuta bitana iliyochanika kwenye kisigino, maana hiyo inatoboa soksi na kuchubua ngozi. Toa soli ya ndani. Kama chini yake kuna kadibodi iliyovimba au kunanuka ukungu, kiatu kililowa na hakikukaushwa. Kisha ziweke zote mbili mezani, uzitazame kwa nyuma: zikiinama upande mmoja, aliyezivaa alikanyagia pembeni, na goti lako litarithi mwendo wake.

Kwa anayetaka mpya, viatu vya ngozi vya kiwanda cha Karanga, Moshi, vinastahili kuulizwa kwanza kabla ya za plastiki zinazotoka nje. Ni ngozi inayotengenezwa hapahapa nchini, na fundi wa mtaani anaielewa.

Namba

Jaribu buti alasiri, si asubuhi. Mguu unavimba kwa joto na kutembea, na buti iliyokutosha saa tatu asubuhi inakubana saa kumi. Vaa soksi utakazozitumia. Toa soli ya ndani, uiweke chini, usimame juu yake: kidole kirefu kibakize sentimita moja mbele, na mguu usimwagike pembeni. Chelsi mpya itapanda kisigino kwa nusu sentimita unapotembea. Hiyo inaisha ngozi ikilainika. Ikizidi hapo, ni kubwa, na kuweka soli ya pili ndani kutainua mguu tu na kubana juu ya vidole.

Joto, soksi na zamu

Mguu unatoa jasho jingi ukiwa umefunikwa, na ngozi inalinyonya. Inahitaji siku nzima kulitoa. Mwenye buti moja anayoivaa kila siku anaivaa ikiwa na unyevu wa jana, na hapo ndipo harufu na fangasi wanapoanzia. Pea mbili za zamu zinadumu kuliko pea mbili zinazovaliwa moja baada ya nyingine, kwa sababu ngozi na gundi vinapata muda wa kukauka. Ukifika nyumbani fungua kamba zote, toa soli ya ndani, laza buti ubavu mahali penye hewa na kivuli.

Soksi za nailoni tupu zinateleza na kuunguza. Za pamba zinanyonya vizuri ila zikishalowa zinabaki zimelowa, kwa hiyo kiangazi beba pea ya kubadilisha mchana. Zilizochanganywa pamba na nyuzi nyingine, zenye urefu unaopita mdomo wa buti, ndizo tunazozipenda. Soksi fupi ya raba inajikunja chini ya kisigino na ngozi ya buti inakula mguu.

Na kila asubuhi, kung'uta buti kabla ya kuvaa. Nge wanapenda mahali penye giza na joto.

Masika, na maji yetu ya chumvi

Wiki moja kabla ya mvua, safisha buti na upake kiwi cha nta kwa wingi kwenye mshono wa soli, kwa mswaki mkuukuu, hadi uzi ujae. Maji mengi yanaingia kwa mshono, hayapenyi kwenye uso wa ngozi. Chagua soli yenye meno ya milimita 3 hadi 4 yaliyoachana. Meno marefu yaliyosongamana yanabeba tope hadi kiatu kinakuwa kizito mara mbili, na soli isiyo na meno inateleza kwenye vigae vya ofisi sakafu ikishalowa.

Ikilowa ndani, jaza magazeti, uyabadilishe kila baada ya saa mbili hadi yatoke makavu. Usiweke juani, usiweke juu ya bati, usiweke karibu na jiko. Ngozi ikikaushwa kwa moto inapoteza mafuta yake, inasinyaa na kupasuka pale mguu unapojikunja, na gundi inaachia kwa joto lilelile.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo maelekezo ya kwenye makopo hayalisemi. Maji mengi ya Dodoma yanatoka visimani, Mzakwe na kwingineko, na yana chumvi. Ukiosha buti nayo, ikikauka unaona mistari myeupe yenye mawimbi kwenye vidole na kandokando ya soli. Watu wanadhani ni ukungu, wanaosha tena kwa maji yaleyale, na mistari inaongezeka. Changanya siki kijiko kimoja na maji ya mvua au ya chupa vijiko viwili, lowanisha kitambaa, kamua, futa, subiri ikauke kivulini, halafu paka mafuta ya ngozi. Kwa usafi wa kawaida tumia kitambaa chenye unyevu tu.

Kiangazi punguza kiwi. Nta nyingi inashika vumbi, na ukipaka nyingine juu yake bila kusafisha umetengeneza msasa unaosaga ngozi kila unapopiga hatua. Brashi kavu kwanza, hasa kwenye mikunjo na ukingo wa soli, kisha kitambaa chenye unyevu, kisha subiri dakika kumi, ndipo upake kidogo na kung'arisha. Mafuta ya alizeti yapo kila jikoni huku kwetu, na watu wanayatumia, lakini usiyatumie. Yanaganda, yananata, yanavunda. Vaselini nayo inashika vumbi siku hiyohiyo. Nta ya nyuki inapatikana kirahisi kutoka Manyoni na Kondoa: yeyusha sehemu moja ya nta na sehemu tatu za mafuta ya nyonyo ndani ya bakuli lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto, koroga, acha igande. Paka kwa kitambaa, kidogo sana, mara moja kwa mwezi kiangazi na kila wiki masika. Inatia giza kwenye ngozi ya rangi ya mwanga, kwa hiyo jaribu kwanza ndani ya ulimi. Kwenye swedi usiiguse.

Fundi

Buti nyingi zinazouzwa siku hizi zimeshikwa kwa gundi peke yake, na Oktoba ndio mwezi wake wa kuachia, soli ikianza kuning'inia mbele kama mdomo. Ipeleke kwa fundi ikiwa bado mpya, ashone soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Ni kazi ndogo na inaongeza maisha ya kiatu kuliko chochote utakachokilipia baadaye. Shona za mpira na PVC. Soli ya PU iliyozeeka usishone, tundu za sindano zitaipasulia njia.

Soli ikiwa imeshaachia, simama umwangalie anavyobandika. Gundi ya zamani ikwanguliwe yote, pande zote mbili zipigwe msasa, vumbi lifutwe, gundi ipakwe nyembamba juu na chini, kisha isubiriwe dakika kumi hadi kumi na tano hadi ukigusa isinate kidoleni. Ndipo zikutanishwe na kugongwa kwa nyundo kuanzia katikati. Fundi anayepaka na kubandika hapohapo amekubandikia hadi kesho. Na hata aliyefanya sawasawa, iache buti ilale usiku mzima kabla ya kuikanyagia.

Kipande cha tairi ni soli imara isiyoogopa mbigili, ila ni nzito na haipindi, na mguu uliozoea soli laini utalalamika kwenye nyayo. Omba karatasi ya mpira wa milimita 6 hadi 8 kama anayo. Kisigino kikaguliwe kila mwisho wa mwezi: kofia ya mpira ikiliwa pembeni hadi unene wa sarafu mbili, peleka ibadilishwe siku hiyo, kwa sababu ikiisha unaanza kula kisigino chenyewe, na hapo gharama inaruka kutoka kiraka hadi soli nzima.